Utepe na Ndoano

Saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado limetanda Jamhuri Park, mabanda ya ng'ombe huwa yameshaamka. Wiki moja ya maonyesho ya Nairobi nilikaa pale juu ya debe lililopinduliwa, nikimtazama kijana aliyekuwa amelala usiku kucha kwenye nyasi kavu, ubavuni mwa fahali wake wa Boran. Alianza na maji ya vuguvugu na sabuni, kuanzia nundu kuteremka hadi tumboni. Akazisugua kwato kwa brashi ngumu mpaka tope lote likatoka kwenye nyufa, kisha akazipaka mafuta. Alikuja kwenye mkia, akazichana zile nywele za nchani mpaka zikafumuka. Masikio aliyafuta kwa kitambaa kibichi, taratibu, kama anavyofutwa mtoto. Alipomaliza alimvisha hatamu ya ngozi, akamtoa nje na kumrudisha kwenye somo walilolirudia kwa miezi: miguu ya mbele sambamba, mmoja wa nyuma umerudishwa kidogo, kichwa juu, tulia. Fahali yule alikuwa na kilo mia saba na ushei, naye alimfuata kijana kama mbuzi wa nyumbani.

Siku chache baadaye nilikuwa Bissil, Kajiado, kwenye soko la mifugo. Vumbi, honi za malori, kelele za wachuuzi. Mnunuzi mmoja, mtu wa makamo mwenye fimbo na koti refu, alikuwa akipita katikati ya maksai waliosongamana. Sikumwona akimtazama ng'ombe hata mmoja usoni. Alikuja kwa nyuma, akaliminya shina la mkia kwa vidole viwili kusikia kama kuna mafuta, akapitisha kiganja juu ya mbavu, akatupa jicho moja pajani na jingine mgongoni, kisha akamnong'oneza wakala bei. Dakika haikuisha. Akahamia kwa mwingine.

Wote wawili, kijana na mnunuzi, wanaijua nyama ya ng'ombe, na ukiwakutanisha wangeelewana vizuri. Lakini ng'ombe anayemfurahisha mmoja si lazima amfae mwenzake, na mfugaji asiyejua anamfugia nani kati ya hao wawili anaweza kupoteza miaka kumi ya kazi. Nimeona hayo yakitokea nyumbani kwetu.

Nianze na soko, maana hesabu yake ni fupi.

Chukua maksai wa zebu wa kawaida, hawa wenye pembe fupi walio wengi katika kundi la Tanzania la ng'ombe zaidi ya milioni 30. Mpime akiwa hai, mizani iseme kilo 250. Ukishatoa ngozi, kichwa, miguu, damu na matumbo, kinachobaki kwenye ndoano ni kama asilimia 47, yaani kilo 117 na nusu. Hizo ndizo anazonunua mwenye bucha. Mengine yote, rangi ya kupendeza, pembe zilizolingana, mwendo wa madaha, hayapandi ndoanoni. Kazi ya mnenepeshaji ni kuongeza zile kilo kwa gharama ndogo kuliko bei atakayouzia. Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga, wapo wanaonunua ng'ombe waliokonda, wakawaweka zizini miezi miwili au mitatu kwa mashudu ya pamba, pumba na molasi. Wiki za mwanzo ng'ombe hujenga misuli, na kila debe la chakula linarudi kwa faida. Baadaye anaanza kuweka mafuta, na kilo ya mafuta inakula chakula kingi kuliko kilo ya mnofu. Hapo ndipo gharama inapoanza kupanda kimyakimya, mpaka ifike siku ambayo alichokula tangu asubuhi kina thamani kuliko nyama aliyoongeza. Mnenepeshaji hodari anaijua siku hiyo kabla haijafika, na anauza siku moja kabla yake.

Ng'ombe wa maonyesho hana siku hiyo. Yeye ana tarehe ya maonyesho tu. Atalishwa mpaka tarehe hiyo, faida iwepo isiwepo, kwa sababu mbele ya jaji umbo lililojaa hupendeza na mbavu zinazoonekana humfukuza mtu mstarini. Na mwili una kisasi chake. Fahali aliyelishwa nafaka kupita kiasi huweka mafuta hata shingoni mwa korodani, mahali ambapo damu inatakiwa ipoe kabla ya kufika kwenye mbegu. Mbegu zikipata joto, zinaharibika. Kwato huvimba kwa ndani na kupinda. Mtamba aliyenenepeshwa akiwa mdogo huweka mafuta ndani ya kiwele, pale ambapo tezi za maziwa zilipaswa kukua, na ndama wake atakuja kulipa deni hilo. Haya ni mambo ya kawaida yanayojulikana na kila daktari wa mifugo. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja linaloonekana kutoka ukingoni mwa uwanja.

Baba yangu mdogo ni mfugaji wa Kongwa. Eneo hilo lina historia ndefu ya ndoto kubwa: hapo ndipo Waingereza walipomwaga fedha zao kulima karanga kuanzia mwaka 1947, mvua ikawakatalia, na baadaye sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya taifa. Yeye alikuwa na majike 31, zebu na machotara, na dume mmoja mwekundu wa miguu mifupi ambaye alimwonea aibu kila mgeni alipokuja. Mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, alikwenda kwenye maonyesho ya wakulima akarudi akiwa na risiti. Alikuwa amenunua fahali aliyevishwa utepe. Alimlipia bei ya madume sita ya kawaida.

Aliposhushwa kwenye lori kijiji kizima kilikuja. Nami nilikuwepo, na sitasema uongo, sikuwahi kuona ng'ombe mzuri kama yule akiwa amesimama kwenye ardhi yetu. Mgongo mpana unaoweza kulaza mtoto. Mapaja yaliyojaa. Ngozi iliyong'aa jua likaona haya.

Septemba ilipoisha alikuwa ameanza kukonda. Oktoba, mbavu nne zilionekana, kisha sita. Kisima kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu, na yeye maisha yake yote alikuwa ameletewa maji kwenye ndoo. Kwato zake zilipasuka kwenye mawe. Majani makavu ambayo majike yetu waliyatafuna huku wakitembea, yeye aliyanusa na kuyaacha, akasimama akimtazama mchungaji kana kwamba anasubiri beseni. Dume mwekundu, ambaye alikuwa bado hajauzwa, alikuwa na tabaka la mafuta mgongoni, akinywa maji mara moja kwa siku na kufanya kazi yake bila kuambiwa. Mvua zilipokuja fahali alirudi kidogo katika hali, lakini msimu wa kuzaa ulipofika ndama wake walikuwa 9 tu.

Nilimkuta baba mdogo amekaa kwenye gogo la zizini, akiwahesabu tena kana kwamba huenda wangeongezeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unawaona?"

"Nawaona."

"Mwanangu, mimi nilidhani nimenunua ng'ombe. Nilinunua pumba za mtu."

Sijasikia mtaalamu akilieleza jambo hili vizuri zaidi. Muuzaji hakumdanganya. Utepe ulikuwa wa kweli, uzito ulikuwa wa kweli, na jaji aliyemchagua fahali yule alichagua kwa haki kati ya waliokuwa mbele yake. Lakini umbo la mnyama linatokana na vitu viwili vilivyochanganyika, damu aliyoirithi na chakula alichokula, na jicho la binadamu haliwezi kuvitenganisha. Ukitaka kuvitenganisha lazima uwakusanye madume wa wafugaji mbalimbali wakiwa wadogo, uwalishe chakula kimoja, kwenye zizi moja, kwa muda mmoja, kisha uwapime. Tofauti itakayobaki ndiyo damu. Uwanja wa maonyesho unafanya kinyume: kila mmoja anakuja na chakula chake kimejificha chini ya ngozi, na jaji anaulizwa nani bora. Zaidi ya hapo, baba mdogo alihitaji damu ya namna nyingine kabisa. Hata kama fahali yule alikuwa na urithi mzuri, ulikuwa urithi uliochaguliwa kwenye kivuli, naye aliupeleka kwenye jua la Kongwa.

Makosa haya si yetu peke yetu, na hatukuyaanzisha sisi. Mwaka 1796, kaskazini mwa Uingereza, kwenye shamba la Ketton la mfugaji Charles Colling, alizaliwa ndama aliyekuja kuitwa Durham Ox. Alikuwa maksai wa Shorthorn, aina iliyokuwa ikitengenezwa wakati huo. Akiwa na miaka mitano alikadiriwa kuwa na uzito unaokaribia kilo 1,370. Mwaka 1801 mtu aitwaye John Day alimnunua pamoja na gari lake la kukokotwa kwa pauni 250, akakataa kumuuza hata alipofikishiwa dau la pauni 2,000, na akaanza kumzungusha nchini, mji hadi mji, watu wakilipa kiingilio kumtazama. Safari ile ilidumu miaka karibu sita. Mwaka 1807 maksai yule aliteguka nyonga akiwa Oxford, akachinjwa. Michoro yake ilikuwa imeuzwa kwa maelfu.

Michoro ya zama zile ukiitazama leo unaona ng'ombe wa ajabu, mwili wa mraba kama sanduku umewekwa juu ya miguu minne myembamba. Thomas Bewick, mchongaji picha mashuhuri wa wakati huo, aliandika katika kumbukumbu za maisha yake jinsi wenye ng'ombe walivyomtaka aongeze vinundu vya mafuta pale ambapo yeye hakuviona, na jinsi alivyokataa. Hata hivyo lazima tuwatendee haki watu wale. Mafuta ya ng'ombe yalikuwa mali. Yalitengeneza mishumaa na sabuni, yalimpa nguvu mtu wa kazi za sulubu. Klabu ya Smithfield, iliyoundwa London mwaka 1798 na kuanza kuonyesha ng'ombe mwaka uliofuata, ilikuwa ikitafuta jibu la swali la soko lenyewe: ni ng'ombe gani anageuza chakula kuwa nyama na mafuta upesi? Kwa muda ule utepe na ndoano vilikuwa vikivuta upande mmoja.

Vilipoanza kuvutana, madhara yalikuja Marekani. Chicago ilikuwa na soko kubwa la mifugo tangu mwaka 1865, na kuanzia mwaka 1900 maonyesho makubwa ya kimataifa yalifanyika palepale, ng'ambo tu ya machinjio. Bingwa wa Chicago aliamua wafugaji wa bara zima watafuga nini. Katika miaka ya 1930 na 1940 walaji walikuwa wanataka vipande vidogo vya nyama kwa familia ndogo, hivyo majaji wakaanza kupendelea ng'ombe wafupi, wanene, wanaokomaa mapema. Hilo lilikuwa na maana. Lakini jaji akishapendelea mfupi, mwaka ujao wafugaji huleta mfupi zaidi, na jaji hana budi kuchagua kati ya walioletwa. Ikafika mahali mabingwa wa Hereford na Angus wakawa na kimo cha kufika kwenye mkanda wa suruali ya mtu.

Ndipo wakaanza kuzaliwa vibete. Ndama mwenye paji lililotokeza, taya fupi, tumbo kubwa, anayekoroma anapovuta pumzi. Wengi walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Wanasayansi walipofuatilia walikuta chanzo ni jeni inayojificha: mnyama akirithi nakala moja tu haugui, akirithi mbili anakuwa kibete. Kwa hiyo dume mwenye nakala moja akipanda jike mwenye nakala moja, kwa wastani ndama mmoja kati ya wanne anakuwa kibete. Na hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Mwenye nakala moja hakuwa sawa kabisa na wenzake. Alionekana mfupi kidogo, mpana kidogo, aliyeshikana zaidi, yaani umbo lilelile walilolipenda majaji. Mwaka baada ya mwaka utepe ulikuwa unakwenda, bila mtu kukusudia, kwa wanyama wenye jeni ya kibete, kisha watoto wao wakasambazwa kwenye ranchi kila upande. Katika miaka ya 1950 ukoo mzima ungeweza kupoteza thamani kwa siku moja, kwa sababu tu jina la babu fulani limeonekana kwenye kitabu cha nasaba.

Ungetegemea somo lingeingia. Liliingia, kisha likapitiliza. Mwaka 1969 ubingwa wa maksai Chicago ulikwenda kwa chotara wa Charolais na Angus, mrefu, mwenye mnofu bila mafuta mengi, na watu wengi waliona hiyo ni haki iliyochelewa. Lakini mfugaji akishajua jaji anataka mrefu, ataleta mrefu zaidi. Simmental, Chianina na wengine kutoka Ulaya wakaingia kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 majike walikuwa wamekuwa wakubwa mno: wanakula sana, wanachelewa kukomaa, wanazaa kwa taabu. Ikabidi kurudi nyuma tena. Na katika miaka ya 2000, kwenye koo zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya maksai wa mashindano ya vijana, zikagunduliwa jeni mbili nyingine zinazojificha, moja inayoitwa TH, inayoharibu mifupa ya miguu ya nyuma, na nyingine PHA, inayomfanya ndama azaliwe bila mapafu ya kutosha, mwili umejaa maji. Mara tatu katika miaka 60 hivi, nchi yenye vyuo na maabara nyingi, iliongozwa na macho yake mpaka shimoni.

Kwa nini wakaongozwa wakati kila mwaka kulikuwa na machinjio jirani ya kuwasahihisha? Nimelifikiria sana swali hili. Nadhani jibu liko kwenye tofauti ya maksai na fahali. Maksai bingwa, hata akiwa amekosewa, kosa lake linaishia ndoanoni; anachinjwa, analiwa, basi. Fahali bingwa anarudi nyumbani na utepe wake kuzaa. Soko linamhukumu ng'ombe mmoja mmoja, na hukumu yake inakuja upesi. Uwanja unahukumu kizazi kijacho, na makosa yake huonekana baada ya miaka, kwenye zizi la mtu ambaye hakuwepo siku ya mashindano.

Sisi pia tulikuwa na uwanja wetu wa ng'ombe kabla ya hatamu za ngozi na majaji wenye kofia. Rwanda, katika ua wa mfalme, kulikuwa na inyambo: ng'ombe wa kifalme wenye pembe ndefu zinazopaa juu kama mikono ya mcheza ngoma, wakifundishwa kwa nyimbo kutembea kwa mpangilio na kupitishwa mbele ya mwami wakiwa wamevishwa mapambo. Walikuwa na washairi wao wa kuwasifu. Bado unaweza kuwaona Nyanza, kwenye makumbusho ya ikulu ya zamani, wakiimbiwa na wachungaji wao. Kinachonivutia ni hiki: inyambo walikuwa kundi lao peke yao, wenye kazi yao ya heshima, na hakuna aliyewadai wawe ng'ombe wa maziwa wa mkulima wa mlimani. Uzuri ulipewa nafasi yake na ukabaki kwenye nafasi hiyo. Siuoni huo kuwa ubatili. Mtu anayempenda ng'ombe kwa uzuri wake anampenda kweli.

Wakati huohuo, kusini mwa Ethiopia, Waborana walikuwa wakichagua ng'ombe kwa njia nyingine. Kuna visima vyao virefu vilivyochimbwa kwenye mwamba, ambamo wanaume husimama kwa ngazi mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu huku wakiimba. Wakati wa kiangazi kundi hunyweshwa kila siku ya tatu, kisha hurudi malishoni, mbali. Ng'ombe asiyeweza kutembea siku hizo alikufa. Jike asiyeshika mimba baada ya kiangazi hakuacha mtoto. Jaji alikuwa kiu, na kiu haipotoshwi na pumba. Ndiyo maana walowezi wa Kenya, ambao ng'ombe wao wa Uingereza waliteketea kwa ndigana na maradhi mengine, walianza katika miaka ya 1920 kununua Boran kutoka kwa wafanyabiashara wa Kisomali na kuwaendeleza kwenye ranchi za Laikipia na kwingineko. Mwaka 1951 wakaunda chama cha wafugaji wa Boran, ambacho kipo mpaka leo. Fahali yule wa kijana wa Jamhuri Park ni mjukuu wa visima vile.

Kuna sifa za ng'ombe huyu ambazo hakuna jaji anayeweza kuziona. Kwenye ranchi ya Galana, karibu na pwani ya Kenya, utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba Boran wa Waorma, waliofugwa vizazi vingi kwenye mbung'o, walistahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kuliko Boran walioendelezwa wa ranchi za juu. Wasimamishe wawili hao mbele ya jaji. Wa ranchi ni mkubwa, amejaa, ana mgongo ulionyooka, atashinda. Kisha wapeleke wote wawili kwenye kichaka chenye mbung'o.

Baada ya yote haya msomaji anaweza kudhani nataka maonyesho yafungwe. Hapana. Chama kilichoanzisha maonyesho ya kilimo ya Kenya kiliundwa mwaka 1901, na katika miaka zaidi ya 120 maonyesho hayo yamekuwa mahali ambapo mfugaji wa Laikipia na wa Kajiado wanamtazama ng'ombe mmoja na kubishana. Boran wasingefika Afrika Kusini na Australia kama wafugaji wao wasingekuwa na desturi ya kuandika nasaba na kukutana. Watoto wa vilabu vya kilimo vya 4K wamejifunza pale kushika mnyama bila kumpiga. Na kazi ya yule kijana wa alfajiri haikuwa bure hata kidogo. Ng'ombe aliyezoeshwa mkono wa mtu hasumbui joshoni, hajijeruhi akipakiwa kwenye lori, na nyama ya mnyama aliyekufa akiwa ametulia haiwi nyeusi na ngumu kama ya aliyekimbizwa na kupigwa mpaka dakika ya mwisho. Huko kwenye minada yetu, ambako fimbo inaanza kabla ya salamu, tungepaswa kuwaajiri vijana kama yeye.

Ninachotaka ni uwanja uulize maswali zaidi. Mizani iwe mlangoni, na uzito na tarehe ya kuzaliwa vitangazwe kabla jaji hajafungua mdomo. Liwekwe kundi la madume waliokulia malishoni tu, wahukumiwe peke yao, ili mwenye majani asishindane na mwenye ghala la mashudu. Kila fahali aletwe na ubao wenye habari za mama yake: alizaa mara ya kwanza akiwa na umri gani, amezaa mara ngapi, ndama wangapi waliachishwa ziwa wakiwa hai. Jike mwenye ndama sita katika miaka saba, akiwa na masikio yaliyochanika na nundu iliyolegea, avishwe utepe mkubwa kuliko wote, maana huyo ndiye anayelisha nchi. Maksai wahukumiwe mara mbili, wakiwa hai na wakiwa ndoanoni, na jaji yuleyule asimame mbele ya watu aeleze pale macho yake yalipokosea. Na minadani nako mizani ifungwe na itumike. Makadirio ya macho, ambayo tumeyalalamikia uwanjani, ndiyo yanayowanyonya wafugaji wengi kila wiki, kwa sababu mnunuzi wa Bissil amepapasa maelfu ya ng'ombe na muuzaji amepapasa wake ishirini.

Nawe ukienda kununua dume, usimtazame akiwa amesimamishwa. Mwombe mwenyewe akupeleke shambani, na nenda mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa bado hazijafika, siyo Mei wakati kila ng'ombe ana afya. Mtazame akitembea kutoka majini. Kisha uliza mama yake yuko wapi. Kama ameuzwa, au amekufa, au mwenyewe anaanza kukuonyesha picha na tepe ukutani, aga vizuri uondoke. Kama yupo, na yupo malishoni na wenzake, ana ndama wa mwaka huu pembeni na wa mwaka jana haonekani mbali, basi toa fedha.

Baba mdogo alinunua dume wake mwingine kwa njia hiyo, kutoka kwenye zizi lisilo mbali na Mpwapwa. Ni wa rangi ya maziwa yaliyomwagiwa majivu, hana umbo la kupendeza sana, na hajawahi kuvishwa kitu chochote shingoni zaidi ya kamba. Msimu uliofuata, majike walikuwa bado 31. Walizaa 24.